Naomba ushauri: Jane alirudi kwa Rochester kwa msingi gani?

Habari wadau. Kikundi chetu cha wasomaji kinajadili Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, na nimepangiwa kufungua mjadala wa mapenzi. Ndoa ya Jane na Rochester, tajiri aliyemwajiri, inavunjika kanisani, kumbe Rochester ana mke hai, Bertha, kafungiwa juu Thornfield, jumba la Rochester. Jane bado anampenda, lakini anaondoka, mpaka anafikia kuomba uji uliokuwa unamwagiwa nguruwe. Kwangu hapo ndipo penye uzito wa kitabu.

Baadaye anasikia sauti ya Rochester ikimwita, anafunga safari kabla hajajua Bertha amekufa. Je, msimamo wake ulikuwa umelegea, au urithi aliokuwa ameshaupata ulimpa ujasiri wa kwenda kumjulia hali tu? Mliokisoma, ningeanzia wapi?