Kaja mtu anataka daftari la wateja wa intaneti aondoke nalo, nimpe?

MamaSteshenari
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari Ngamiani, Tanga, na kompyuta tano za intaneti. Wateja wangu ni wanafunzi wanaoomba mkopo, vijana wa ajira, kina mama wanaokuja kuchapiwa barua. Tangu zije kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 nina kamera juu ya mlango na kaunta buku: jina, namba ya kitambulisho, saa, namba ya kompyuta. Safu ya "shughuli" niliiongeza mwenyewe, nikidhani ndio umakini.

Jumatatu saa tano asubuhi kaingia kijana kavaa kiraia. Kasema ni mpelelezi, kuna mtu katukanwa mtandaoni, anataka daftari zima. Kitambulisho kakipitisha mbele ya macho yangu akakirudisha mfukoni, karatasi hana. Nikamkatalia, mikono inatetemeka. Kaniambia nazuia kazi ya serikali, atarudi.

Jamani, daftari lile lina mambo ya watu. Jirani yangu nimemwandika "barua ya kudai talaka". Kuna binti "majibu ya vipimo". Sheria inanilazimisha? Na je, natakiwa kuchungulia kila mtu anafungua nini?

KaraniWaZamani
Pole dada, na hukukosea. Nimekaa ofisi ya wakili miaka mingi. Soma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32: amri ya kutoa taarifa kwa ajili ya upelelezi hutolewa na mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa chombo kingine mwenye cheo kama hicho. Ikija amri, toa, kukaidi ni kosa. Akija mikono mitupu, mwambie kwa adabu akailete.

Kuchungulia hulazimiki, kifungu cha 39 kimesema wazi. Ila ukishajua kuna uhalifu unafanyika kwako usinyamaze: sitisha huduma, toa taarifa.

Na tafadhali, usichane wala kufuta chochote wakati shauri lipo.

GestiBagamoyo
Dada yangu, mimi nagawa waifai kwa wageni, nayajua hayo. Ila kinachonitia hofu ni ile safu yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ukusanye kinachohitajika tu, ukilinde, na ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. "Majibu ya vipimo" nani alikuomba uandike? Mimi daftari langu lilikuwa linakaa wazi mapokezi, kila mgeni anasoma aliyemtangulia. Sasa liko kwenye droo yenye kufuli.

MamaSteshenari
Ahsanteni sana. Karudi Alhamisi na barua ya mkuu wa kituo, ina muhuri, inataja tarehe moja na kompyuta namba tatu. Nikafunika mistari ya watu wengine kwa karatasi nyeupe, nikatoa kopi ya ule mmoja, akasaini kwenye nakala yangu. Hakugomba hata kidogo.

Nimenunua kaunta buku jipya, halina "shughuli". La zamani nimelifungia kabatini.

Jana usiku nikaenda kwa yule jirani nikamweleza nilichokuwa nimeandika. Akanyamaza kitambo, halafu akaniuliza ni watu wangapi wameshalishika lile daftari.