Sholay na Once Upon a Time in the West: ni ipi inayobebwa zaidi na muziki wake?

Swali (Nyamagana): Ndugu wanajukwaa, salaam. Hapa Mwanza tuna ubishi ambao wapenzi wa filamu za zamani hatujaumaliza. Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kutungiwa muziki na R. D. Burman, na Once Upon a Time in the West, filamu ya macowboy ya mwaka 1968, kazi ya mwongozaji Sergio Leone na mtunzi wa muziki Ennio Morricone, zote zimekipa kinanda cha mdomo nafasi kubwa. Ni wapi kimetumika vyema zaidi?

Jibu (Kirumba): Kwangu mimi Leone hana mpinzani. Morricone alitunga muziki kabla ya filamu kupigwa, na Leone akawa anawapigia waigizaji muziki huo wakiwa kazini ili waufuate mwendo wake. Tazama pia mwanzo wake: watu watatu wanangoja treni, na kwa dakika kadhaa husikii ala yoyote, ila kinu cha upepo kinachokwaruza, matone ya maji yanayodondokea kofia ya mmoja wao, na nzi anayemsumbua mwenzake. Treni inapoondoka ndipo kinanda cha mgeni aliyeshuka kinalia, na sababu ya mgeni huyo kupuliza badala ya kuzungumza hufichwa hadi mwishoni kabisa.

Jibu (Igoma): Sikubaliani nawe, kaka. Katika Sholay, Jai, yaani mwigizaji Amitabh Bachchan, anapuliza kinanda usiku, na ng'ambo ya pili Radha, mjane aliyevaa nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani hata neno, na mapenzi yasiyoruhusiwa yanaeleweka. Isitoshe, Burman alitakiwa pia kutunga nyimbo za kuchezwa, na wimbo wa Mehbooba Mehbooba akauimba mwenyewe. Morricone hakuwa na mzigo huo.

Jibu (Ilemela): Nahofu wengine mnabishania muziki ambao hamkuusikia. Kwenye vibanda umiza (vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video) filamu hutazamwa zikiwa zimetafsiriwa, na mtafsiri, pamoja na uhodari wake wote (nami humcheka sana), huingiza vichekesho vyake palepale wahusika wanaponyamaza. Tafuteni kwanza nakala isiyo na sauti yake.

Muuliza swali: Nawashukuru. Hoja ya Ilemela ni nzito, nami naelemea kwa Burman. Ila ndugu wa Kirumba anijibu hili: ikiwa sehemu uliyoisifu zaidi haina ala hata moja, sifa hiyo ni ya Morricone au ya Leone?