Taarab na ngoma zinaijenga jamii kweli? Tunapimaje?

Mkaguzi: Wakuu, vikundi vya Zanzibar vikiomba fedha huandika "tunaijenga jamii", ushahidi ni idadi ya waliohudhuria. Hiyo inatuonyesha nani kaingia, haituonyeshi mtaa umebadilika vipi. Nyie mngepima nini? Na hawa wa rusha roho, taarab ya kisasa ya mipasho na vijembe, wanaovunja ndoa, tuwaweke hesabu gani?

Binti Ng'ambo: Ndoa ipi imevunjwa kaka? Itaje.

Sheha Mstaafu: Mwanangu, kesi nimezisuluhisha mimi. Mtu anainuka, noti juu ya kichwa, anazunguka ukumbi mzima, anakwenda kusimama mbele ya mke mwenzie mpaka ubeti uishe. Noti kapewa mwimbaji, dongo kapewa mwenzie.

Binti Ng'ambo: Shikamoo mzee. Dongo umeliona. Kikundi hichohicho kilivyochanga hitima mwenzao alipofiwa, hukukiona?

Fundi Ganuni: Msichanganye mambo. Taarab ni kikundi cha Ikhwani Safaa, tangu 1905. Hizi za sasa kelele za spika.

Mjukuu wa Fumba: Fundi, hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani, walimtungia beti za kumcheka, eti katoka shamba na kaniki. 1928 akaenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Kila zama mna mtu wa kumdharau!

Fundi Ganuni: Siti usimlinganishe na mipasho.

Mjukuu wa Fumba: Kwani yeye hakuwajibu? Aliwajibu kwa wimbo.

Mkaguzi: Jamani, kupima.

Mchumi wa Darajani: 2016 Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila Februari, halikufanyika, fedha hakuna. Linganisheni Februari ile na Februari nyingine: gesti, teksi, mama wa urojo, wapiga ala. Kipimo hicho.

Binti Ng'ambo: Hicho kipimo cha wenye gesti. Kamchukue mwanamke aliyeolewa kutoka Pemba, hana ndugu mjini. Muulize siku anayojiunga na kikundi: mtoto akiumwa usiku unamgongea nani? Baada ya miaka miwili muulize tena. Na muulize jirani yake asiyeimba, usije ukakisifu kikundi kwa mambo ambayo muda tu umeyafanya. Wafadhili hawaulizi haya kwa sababu ripoti wanaitaka mwezi wa sita.

Sheha Mstaafu: Atamgongea mke mwenzie?

Binti Ng'ambo: Naam, na atafunguliwa. Wapo kikundi kimoja.

Fundi Ganuni: Bado nasubiri mtu anitajie mpasho mmoja wa Ikhwani Safaa.