Tenisi, 40–40 bila adivanteji: mpango wa kawaida, I au Australia?

mtu_wa_wavuni: Wadau, tulinganishe. Dabo (wawili kwa wawili) za wanaume kwenye mashindano ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa, hazina adivanteji (kulazimika kuongoza kwa pointi mbili): ikifika 40–40, pointi moja inaamua gemu, na wapokeaji ndio wanaochagua sevu ije kulia au kushoto. Mwenye sevu amweke wapi mwenzake: kawaida (wavuni, upande mwingine wa uwanja), I au Australia?

sevu_ya_T: Kulia, I bila kusita. Mtu wa wavuni anachuchumaa kwenye mstari wa kati, kichwa chini ya ukingo wa wavu (katikati ni sm 91.4 tu). Mpiga sevu anasimama karibu na alama ya kati, anapiga kwenye T (mstari wa kati unapokutana na mstari wa sevu). Mpira unamwangukia mpokeaji wa mkono wa kulia kwenye bekihendi (upande usio wa mkono wa raketi), pembe ya kurudishia ni finyu, na hajui nani atatokea upande gani. Mtu wa wavuni humwonyesha mwenzake upande atakaoenda kwa ishara ya mkono mgongoni. Mtu wa wavuni akienda kushoto, mpiga sevu anaziba kulia. Kinachoharibu ni pupa: akiinuka kabla mpokeaji hajaanza kuzungusha raketi, ameshasomwa, mpira unapita pale alipotoka.

Bekihendi254: Mkuu, umejibu nusu. Wapokeaji hawaruhusiwi kubadilishana nafasi kwa pointi hiyo, kwa hiyo kuchagua upande ni kuchagua mtu. Mkali wao akiwa kushoto, sevu itakwenda kushoto, na huko T inamkuta kwenye fohendi (upande wa mkono wa raketi). I yako imekuwa zawadi. Kushoto napendelea sevu ya mwilini na mpango wa kawaida. Mpiga sevu akiwa wa mkono wa kushoto, ndiyo kabisa: slaisi yake (mpira wa kukata unaopinda) inamburuta mpokeaji nje ya uwanja, na mtu wa wavuni anasogea tu kuelekea uchochoro, ukanda wa pembeni wa dabo (upana m 1.37), kufunga mstari. Mpokeaji akiwa wa mkono wa kushoto, geuzeni hesabu yote hii.

mzee_wa_lobu: Australia mnaipita kama haipo. Dawa yake ni kwa yule anayerudisha kila mpira kwa mshazari, miguuni. Mtu wa wavuni anasimama upande uleule wa mpiga sevu, mshazari umezibwa. Mpokeaji analazimika kupiga sambamba na mstari, ambako wavu unapanda kuelekea m 1.07 nguzoni na uwanja ni mfupi kuliko mshazari. Gharama yake: mpiga sevu lazima avuke mbio, na akipiga sevu ya pembeni amejifungulia mstari mwenyewe.

mtu_wa_wavuni: Sevu ya kwanza ikikosa?

sevu_ya_T: Rudini kawaida. Sevu ya pili ni ya polepole; mpokeaji anapata muda wa kuiona I ikifumuka, au anainua lobu (mpira wa juu unaopita kichwani). Na aliyechuchumaa abaki chini, maana sevu ikimgonga mwenzako inahesabiwa kosa.

Bekihendi254: Sikubali sana. Sevu ya pili yenye topspini (mzunguko wa kwenda mbele) inayoruka hadi begani bado inaibeba I, hasa kulia.

mzee_wa_lobu: Pia angalieni mashindano. Wimbledon adivanteji ipo, na tangu 2023 dabo za wanaume ni mbili kati ya seti tatu, si tatu kati ya tano tena. Kwenye ATP seti ya tatu ni tai-breki (gemu ndefu ya kuamua) ya pointi 10, nafasi ya majaribio hakuna. Australia ionyesheni mapema, mkiwa 40–0, ili ikifika 40–40 mpokeaji awe anaiwazia hata mkisimama kawaida.