Ushauri: Jaji aliyemnyima shemeji yangu fidia yupo kwenye karatasi yangu ya kura (Iowa)

Binti_Uvira

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie kabla sijaifunga hii bahasha.

Nipo Waterloo, Iowa. Nimezaliwa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu, uraia wa Marekani nimeupata juzijuzi tu, kwa hiyo hii ndiyo kura yangu ya kwanza maishani. Karatasi imekuja nyumbani kwa posta. Upande wa mbele nimeumaliza bila shida: gavana, seneta, mbunge, hao tunawaona kwenye televisheni mpaka wanatuchosha. Nageuza nyuma, nakuta majina ya majaji. Hakuna chama, hakuna mpinzani. Kila jina lina swali moja, abaki kazini, NDIYO au HAPANA. Wengine ni wa Mahakama ya Rufani ya jimbo, wengine wa mahakama za wilaya huku kwetu.

Sasa mtihani wangu huu hapa. Shemeji yangu aliumia bega kwenye kiwanda cha nyama. Kesi ya fidia ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, akashindwa. Hukumu ina majaji watatu, na mmoja wao jina lake ndilo hili ninaloliona. Shemeji anasema mpige HAPANA, tena wote piga HAPANA, wajue na sisi tupo. Dada mmoja wa kanisani anasema kama huwajui waache wazi. Mume wangu anasema ukiacha wazi karatasi nzima inaharibika. Nimsikilize nani?

DSM_siyo_Dar

Hongera kwa uraia dada. (DSM yangu ni Des Moines, msije mkaniagiza kitu Kariakoo.)

Shemeji yetu, mume wako, mwambie atulie. Haiharibiki. Kura zako za mbele zinahesabiwa kama kawaida. Kwa majaji wanaangalia waliojibu tu, NDIYO zikizidi HAPANA anabaki. Ukiacha wazi umewaachia wenzako waamue.

Hao wa Rufani wako tisa kwa jimbo lote. Hata mimi wa huku ninapigia majina yaleyale. Akipita anakaa miaka sita ndipo arudi tena kwetu. Aliyeteuliwa karibuni lazima awe ametumikia angalau mwaka mmoja kwanza.

Mzee_Mwanza

Kumbe huko jaji anarudi kwa wananchi! Huku Rais akishateua, wa Mahakama Kuu anakwenda hadi miaka 60, wa Rufani hadi 65, na hakuna aliyewahi kuniuliza chochote. Naendelea kufuatilia uzi.

Kijana_Kakuma

Mimi nipo na shemeji. Piga HAPANA. Wanyonge hatuna wakili mkubwa wala hatuna pesa ya kampeni, silaha yetu ni hiyo kalamu. Na msidanganywe kwamba haifanyi kazi. Iowa hiyohiyo mwaka 2010 waliondoa majaji watatu wa Mahakama ya Juu siku moja, Marsha Ternus, ambaye alikuwa Jaji Mkuu, na wenzake Michael Streit na David Baker. Oklahoma 2024 wakamwondoa Yvonne Kauger, jaji wa Mahakama ya Juu ya huko tangu 1984.

Mkalimani

Kijana, hayo ya 2010 ni kweli, ila umekatisha hadithi katikati. Watatu wale waliondolewa kwa sababu ya hukumu ya 2009 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja. Ilikuwa hukumu ya majaji wote saba, lakini zamu ya kupigiwa kura ilikuwa ya hao watatu, basi wakabeba mzigo wa wote. Hawakufanya kampeni wala kuchangisha pesa za kujitetea. Wakatoka. Je, hukumu ilifutika? Haikufutika, ilibaki vilevile. Na viti vyao hatukuvijaza sisi wapiga kura. Tume ya uteuzi ilipeleka majina, Gavana Terry Branstad akachagua watatu wengine 2011. Kwa hiyo anayepiga HAPANA kwa wote ajue anamwachia gavana nafasi za kujaza. Kama gavana unampenda, sawa. Kama humpendi, fikiri mara mbili.

Dada Binti_Uvira, sasa nije kwako. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani na kesi hizi za fidia nimekaa nazo sana. Hapa Iowa kesi ya kuumia kazini haianzii kwa jaji, inaanzia kwa Kamishna wa Fidia za Wafanyakazi. Huko ndiko wanakopima ushahidi, wanakoamua daktari yupi aaminiwe, kama bega limeharibika kwa kazi au kwa umri. Ikifika juu, majaji hawaamui upya. Wanaangalia kama uamuzi wa Kamishna una ushahidi wa kutosha. Ukiwepo, wanauacha usimame, hata kama wao wenyewe wangeamua vingine. Kwa hiyo inawezekana kabisa jaji huyo alimwonea shemeji huruma na bado akasaini. Inawezekana pia alipitisha macho juujuu. Kwa kuangalia nani ameshinda huwezi kujua ni lipi kati ya hayo.

Na kwa kuwa ni bega, kuna jambo watu wetu hawalijui. Zamani bega lilihesabiwa kama jeraha la mwili mzima, wakaangalia umepoteza kiasi gani cha uwezo wa kutafuta riziki. Mwaka 2017 Bunge la jimbo likabadilisha sheria, bega likaingizwa kwenye orodha ya viungo vyenye ukomo wa malipo, na ukomo wake ni malipo ya wiki 400. Jaji hakuitunga hiyo. Bunge lililoitunga lipo upande wa mbele wa karatasi yako, ule ulioumaliza bila shida.

Kijana_Kakuma

Hapo kwenye bega umenishika. Lakini bado nasema kura ya mwananchi si mtihani wa uwakili. Tuna watoto, tuna zamu za usiku, nani atasoma hukumu zote hizo?

Mkalimani

Hakuna anayesoma zote. Asome moja, hiyo inayomuuma. Zipo bure kwenye tovuti ya mahakama za Iowa. Aangalie nani ameiandika, kama kuna jaji aliyepinga, na kama hoja za wakili wa shemeji zilijibiwa au zilirukwa. Jaji anayeruka hoja ya mtu maskini kwa sentensi moja, huyo hata mimi nampa HAPANA.

Kwa wale wengine, chama cha mawakili cha Iowa hutoa tathmini kabla ya uchaguzi. Mawakili huwapa majaji alama kwa ujuzi wa sheria, heshima kwa watu na mengineyo, na husema kama jaji anafaa kubaki. Isome ukikumbuka kwamba wanaojaza ni pamoja na mawakili wa makampuni. Jaji mwenye alama za chini kuliko wenzake wote, jiulize kuna nini.

Binti_Uvira

Asanteni sana. Nimekaa na binti yangu tumeisoma. Kweli Kamishna alimwamini daktari wa kampuni, na hukumu imeeleza kwa nini, ukurasa baada ya ukurasa. Huyu jaji hakuiandika, aliunga mkono tu. Wakili wa shemeji alikuwa na hoja tatu, mbili zimejibiwa vizuri. Ya tatu wamesema haikutolewa mapema kule chini, basi hawawezi kuigusa. Hapo hasira yangu imehamia kwa wakili.

Nimeshaweka alama. Niliyoweka sisemi, na shemeji naye asinichimbe.

Swali la mwisho. Mama mkwe naye ni raia, Kiingereza hakisomi. Naruhusiwa kumjazia?

DSM_siyo_Dar

Unaruhusiwa. Sheria ya nchi inampa mtu asiyeweza kusoma haki ya kusaidiwa na anayemtaka mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msomee jina moja moja, wa nyuma pia, na uweke anachosema yeye hata kama hakikupendezi. Saini ya bahasha ni yake. Na msicheleweshe kuituma posta. Karatasi isipofika kwa Auditor wa kaunti (ofisa anayesimamia uchaguzi) kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi, haihesabiwi hata kama mhuri wa posta ni wa juzi. Mkiona siku zimebana, zipelekeni wenyewe ofisini kwake.