Tangazo letu liliahidi kibali cha droni ndani ya saa 48, mteja amekosa msimu wa korosho. Naombeni ushauri

MwanaShangani

Wakuu habari zenu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Niko Mtwara mjini. Mwaka jana mimi na mwenzangu tulifungua ofisi ndogo ya kuwasaidia watu wanaorusha droni kibiashara kufuatilia vibali. Wateja wetu ni wapima ardhi, wapiga picha za harusi, wakandarasi wanaotaka picha za miradi yao, na siku hizi vijana wanaopulizia mikorosho dawa kwa droni. Kazi ipo kwa sababu makaratasi yanachosha. Droni isajiliwe TCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga, kibali cha Wizara ya Ulinzi kiombwe, ramani ya eneo iambatanishwe, na ofisi zenyewe ziko mbali na sisi watu wa Kusini. Aliyeko Newala akiambiwa kiambatisho kimepungua, anaanza upya. Sisi tunajaza fomu, tunachora ramani, tunafuatilia. Hiyo kazi tunaifanya kweli na ninaipenda.

Kinachonisumbua ni tangazo. Mwenzangu aliliandika, mimi nikalisoma nikaliacha lipite: "Vibali vya droni popote Tanzania. Ruhusa ya anga papo hapo, ndani ya saa 48. Uhakika asilimia 100. Tunashirikiana na mamlaka." Tukaliweka Instagram, kwenye status za WhatsApp, na kwenye bango nje ya ofisi.

Katikati ya Juni akaja kijana mwenye droni ya kupulizia. Alikuwa ameshakubaliana na wakulima wa Tandahimba na kupokea malipo ya awali. Akauliza mara mbili: "Kaka, saa 48 kweli?" Mwenzangu akamjibu ndiyo. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Maombi yalirudi mara moja kwa kosa letu, ramani haikuonyesha mipaka ya vijiji. Tukayatuma upya, yakasubiri zamu kama ya watu wengine. Kibali kikatoka katikati ya Agosti.

Mnaojua korosho mnaelewa maana ya miezi hiyo miwili. Mkorosho ukianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga haumngoji mtu. Wakulima wakarudi kwenye mashine za mgongoni na salfa yao, kijana akawarudishia pesa zao. Hakututukana. Alikuja ofisini, akakaa, akasema, "Ningejua ni miezi miwili, ningeomba tangu Machi." Akaondoka. Tangu siku hiyo sina usingizi mzuri.

Naomba ushauri wenu. Tumrudishie pesa yote, au tubaki na ya kazi tuliyoifanya? Na tangazo tuliandikeje? Mwenzangu anasema tukiandika ukweli wateja watakimbilia kwa wale wa Dar wanaoandika saa 24.

---

Mpimaji_Masasi

Mkuu, saa 48 ni kosa, lakini neno lililonitisha mimi ni "popote".

Kazi yangu ni upimaji, droni naitumia karibu kila wiki. Watu wanachanganya vitu. Kusajili droni ni kitu kimoja. Kibali cha kuirusha kwa kazi fulani, eneo fulani, tarehe fulani, ni kingine. Kukaribia uwanja wa ndege ni habari nyingine kabisa, na uwanja wetu wa Mtwara uko jirani na mji, tangu uboreshwe unapokea ndege kubwa. Mpiga picha wa harusi akishikilia karatasi ya usajili akadhani ndiyo ruhusa, anairusha kwenye njia ya ndege akijua yuko salama.

Halafu angalia mkoa wenyewe. Kuna mitambo ya gesi Madimba na visima vya Mnazi Bay. Kuna mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Cabo Delgado ya Msumbiji, ambako mapigano yalianza Oktoba 2017. Vijiji vya mpakani watu wako macho, na droni isiyojulikana ikionekana juu ya kijiji hakuna atakayeuliza kwanza kama ni ya dawa ya mikorosho. Ukienda Lindi kuelekea Liwale unakutana na hifadhi, ambazo zina wenyewe na taratibu zao. Kwa hiyo ukiandika "popote", unampeleka mtu mahali ambapo akikamatwa wewe huko naye.

Na huyo wa dawa, mlimwambia kwamba viuatilifu vina mamlaka yake, TPHPA? Kibali cha anga hakimruhusu kumwaga dawa yoyote anayoitaka.

---

MwanaShangani

Ya TPHPA hatukumwambia. Yeye mwenyewe alikuwa anaijua, lakini sisi hatukumwambia.

---

Mtafutaji84

Ndugu yangu unajitesa. Kila biashara inaandika uhakika asilimia 100. Waganga wanaandika, mawakala wa viza wanaandika, madalali wa viwanja wanaandika. Mteja mtu mzima anajua hilo ni tangazo. Mrudishie nusu, omba radhi, songa mbele. Ukianza kuandika "inaweza kukataliwa" kwenye bango, ofisi utaifunga kabla ya Desemba.

---

Hakimiliki

Mtafutaji84, kwa heshima, sikubaliani. Yule kijana hakulichukulia kama tangazo tu, aliuliza mara mbili. Alikuwa anapanga kazi yake juu ya hilo jibu.

Kisheria pia si jambo dogo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayomuuzia, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Huwezi kujitetea kwamba na wengine wanaandika hivyo hivyo.

Sentensi ya "tunashirikiana na mamlaka" ifute leo hii. Msomaji ataielewa kwa namna mbili tu: ama ninyi ni wakala mliyeteuliwa rasmi, ama mna mtu ndani anayepokea kitu. Ya kwanza si kweli. Ya pili ni rushwa, na hata kama haipo, mmeshamfanya mteja aamini ipo na kwamba ndicho anacholipia. Akija mtu wa TAKUKURU kuuliza mnashirikiana na nani, mtamtaja nani?

---

Mzee wa Gati

Mwanangu, nimekuwa wakala wa forodha bandari ya Mtwara kwa miaka mingi, sasa nimepumzika. Nikueleze tulivyofanya sisi, maana kazi yako na yangu ni mtu na ndugu yake.

Wakala wa forodha hauzi ushuru, wala hauzi ruhusa ya mzigo kutoka. Anauza miguu yake, kujua fomu gani inakwenda dirisha gani, na macho ya kuona kosa kabla afisa hajaliona. Siku mteja anapoamini kwamba wewe ndiye unayetoa ruhusa, ndiyo siku unapoanza kubeba lawama usizoziweza. Nimewaona vijana wazuri wakipotea kwa njia hiyo. Wanaahidi kontena litatoka Ijumaa, Ijumaa halitoki, wanaanza kutafuta njia za pembeni ili wasiaibike. Uongo kwenye tangazo hauishii kwenye tangazo. Unakusukuma.

Kwenye ankara zangu, ada ya serikali na ada yangu hazikukaa mstari mmoja hata siku moja. Siku hizi imekuwa rahisi zaidi, kuna kontroo namba. Mpe mteja hiyo namba alipe mwenyewe, risiti abaki nayo, na wewe umtoze ya kazi yako tu. Ukikusanya zote kwa pamoja, yeye hajui ipi ni ya nani, na usipokuwa mwangalifu hata wewe utasahau.

Kuhusu huyo kijana, mrudishie ada yenu yote. Usimkate hata senti kwa ajili ya fomu mlizojaza, maana fomu zenyewe zilirudi kwa kosa lenu. Mpigie wewe, usimtume mwenzako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa umekaa pale ukanyamaza.

---

Kutoka Houston

Nadhani najua mwenzako alikotoa "ruhusa ya anga papo hapo". Hayo ni maneno ya matangazo ya huku Marekani. Huku yana ukweli wake, akiyaleta Mtwara yanakuwa uongo.

Huku mamlaka ya anga ni FAA. Anayerusha droni kibiashara anafuata kanuni inayoitwa Part 107, iliyoanza kutumika Agosti 2016. Akitaka kuruka karibu na uwanja wa ndege ambao anga yake inasimamiwa na waongoza ndege, anatuma ombi kwenye programu ya simu iliyounganishwa na mfumo wa LAANC. Mfumo una ramani ya vimo vilivyokwisha kupimwa, mwisho futi 400. Ombi likiwa chini ya kimo cha ramani, jibu hutoka ndani ya sekunde chache. Kinachojibu ni kompyuta, kwa sababu mahesabu ya usalama yalishafanywa mapema. Ukitaka kuzidi kimo kile, ombi linakwenda kwa binadamu na unasubiri kama kawaida. Na FAA haitozi chochote kwa ruhusa hiyo.

Lakini kabla ya 2016 huku nako kulikuwa na biashara kama yenu. Kampuni ziliomba kusamehewa masharti kwa kutumia Kifungu cha 333 cha sheria ya 2012, na za kwanza kukubaliwa zilikuwa za watengeneza filamu, Septemba 2014. Watu walitozwa maelfu ya dola kuandikiwa maombi, wakati mtu yeyote aliruhusiwa kuyaandika na kuyatuma mwenyewe. Hata usajili wa dola 5 ulipoanza Desemba 2015, zikazuka tovuti zinazofanana na ya serikali na kutoza zaidi. Kanuni ilipokuja na mambo yakawa rahisi, waliokuwa wanauza "ruhusa" walikosa cha kuuza. Waliokuwa wanauza utaalamu, yaani kupanga safari ngumu na kuandaa maelezo ya usalama, bado wapo hadi leo.

Sasa kama Tanzania hakuna kompyuta inayojibu kwa sekunde, "papo hapo" mnaitoa wapi?

---

Bint Nachingwea

Mimi ni mteja wa aina yenu hasa, napiga video za miradi ya vijijini. Mwenye kuniambia "maombi yetu yaliyochelewa zaidi yalichukua muda huu" nitamlipa zaidi ya anayeniambia saa 24. Tarehe ndiyo inayonisaidia kupanga gari, posho na watu. Uhakika wa asilimia 100 siwezi kuuandika kwenye bajeti.

---

MwanaShangani

Asanteni sana wakuu. Mzee wa Gati, shikamoo. Nilimpigia jana jioni mwenyewe kama ulivyosema. Nimemwambia nilisikia swali lake na nikanyamaza. Amepokea pesa yote. Nilimwomba tumfanyie maombi ya Machi bila malipo, amesema atafikiria.

Mwenzangu tumebishana hadi usiku. Kilichomgeuza ni alipopitia mafaili yetu akakuta hakuna hata ombi moja lililowahi kutoka ndani ya saa 48. Hata moja. Tangazo tumeliandika upya, naomba mlisome:

"Tunakuandalia maombi ya kibali cha kurusha droni na kuyafuatilia hadi jibu litoke. Kibali kinatolewa na mamlaka za serikali, si sisi, na ombi linaweza kukataliwa. Maombi haya unaweza kuyapeleka mwenyewe bila wakala. Ada za serikali unalipa mwenyewe kwa kontroo namba, ada ya kazi yetu imeandikwa hapa chini. Maombi yetu ya mwaka huu yalichukua kati ya wiki tatu na miezi miwili. Kibali ni cha eneo na tarehe zilizoandikwa tu. Wapulizia mikorosho, njooni Machi."

---

Hakimiliki

Liko vizuri. Hiyo "kati ya wiki tatu na miezi miwili" muihuishe kila ombi jipya linapotoka, la sivyo mwakani nayo itakuwa si kweli.

---

Mpimaji_Masasi

Naliunga mkono. Ila nilipita mbele ya ofisi yenu wiki iliyopita, kama ni ile ninayoifikiria. Kwenye kona ya bango mmeweka nembo ya mamlaka ya anga, kubwa kuliko jina lenu. Maneno mkiyabadilisha nembo ikabaki, mpita njia atasoma nembo.

---

MwanaShangani

Ni hiyohiyo mkuu. Nembo tuliichukua mtandaoni na hakuna aliyeturuhusu kuitumia, wala sikuitaja hapa. Nimeazima ngazi kwa jirani, bango lote limeshuka saa kumi na moja hii. Jipya litachapwa Jumatatu, bila nembo ya mtu.