Mrejesho: Kujifunza sketibodi ukubwani, hapa Moshi

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo mtu aliyevuka miaka 40 anaweza kuanza kujifunza sketibodi, ule ubao wa magurudumu wa kusimama na kuteleza nao, na kama ubao nilioununua mtumbani ungefaa kwa barabara za Moshi. Wengi mlinishauri nibadili magurudumu kwanza, na ushauri huo ndio uliookoa jambo zima. Yale ya awali yalikuwa magumu, ya kiwango cha ugumu cha 99A, yaliyokusudiwa sakafu laini isiyo na mikwaruzo, hivyo kila kokoto ilisimamisha ubao ghafla huku mwili wangu ukiendelea na safari. Haya ya sasa, ya 78A, yaani ya mpira mwororo zaidi, na yenye kipenyo cha milimita 60, hupita juu ya lami iliyochakaa bila kunitetemesha meno, ingawa ilibidi niinue ekseli kwa vipande vya plastiki ili yasiguse ubao ninapokata kona.

Lile jaribio la kusukumwa kutoka nyuma ili kujua mguu upi utangulie kwenye ubao halikunisaidia: lilionyesha wa kushoto, lakini juu ya ubao nilitulia tu nilipotanguliza wa kulia.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja ni mteremko. Mji huu unashuka kutoka mlimani kuelekea kusini, kwa hiyo anayeanza hapa anahitaji breki kabla ya mbwembwe. Nimejizoeza kuburuza soli ya mguu wa nyuma, na fundi viatu wangu amefurahi. Kofia ngumu na vikinga viganja ninavaa daima. Kuruka na ubao bado sijathubutu.